Muhuri wa Duara na Baiskeli Yangu

Nakumbuka siku moja pale kijijini kwetu Mbingu, mwanangu, uvumi uliingia kwa bodaboda, ukafika mashambani kabla vumbi lake halijatua: eti sheria mpya imesema mwenye muhuri wa duara ni Serikali, na mwenye muhuri wa pembe nne ni mtu binafsi tu. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, kichwa kimejaa hadi kofia hainienei. Niliamini kuliko wote. Kwaya ya parokia ilikuwa na muhuri wa duara. Basi wakiimba nasimama wima, hata nyimbo za harusi.

Sasa, klabu yetu ya mpira nayo ilikuwa na duara lake. Viongozi wakabandika tangazo: marufuku baiskeli kukatiza uwanjani, itakayokamatwa ni mali ya klabu. Njia ile ndiyo ya kwendea mashine ya kukoboa, tangu enzi za babu zetu. Siku hiyo nimepakia gunia la mpunga, mvua inanguruma huko milimani Udzungwa, katibu wao Kasmiri akanisimamisha. Kijana mdogo, nimemwona akibebwa mgongoni!

"Umesoma tangazo?"

"Nimesoma, mkuu."

Nikamkabidhi baiskeli kwa mikono miwili. Gunia nikajitwisha, lilikuwa na uzito wa tembo wawili na mtoto wao.

Nyumbani mke wangu Anjelina akaniuliza, "Baiskeli iko wapi?"

"Imetaifishwa na Serikali."

"Serikali ipi, Baba Neema?"

"Ya mpira."

Hakucheka. Alinyoosha kidole uani, ulikoanikwa mpunga wetu wa mwaka mzima. "Huu utafika mashineni kwa miguu yake? Mvua ikiukuta hapa, tutakula tangazo? Nenda kwa mtendaji. Sasa hivi!"

Mtendaji wa kijiji alikuwa Bi Salome, Msukuma mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliokwishavuka mto. Nikamwambia nimekuja kuiombea baiskeli msamaha. Alicheka hadi kuku wakakimbilia Ulanga, ng'ambo ya mto.

"Si wana muhuri?" nikajitetea. "Tena wamesajiliwa!"

"Baba Neema, muhuri unachongwa pale Ifakara mjini. Ukitaka wenye umbo la kambale, watakuchongea. Na kusajiliwa si kupewa mamlaka. Kikundi chenu cha kuzikana kimesajiliwa. Kinaweza kukunyang'anya jembe?"

Kisha akanieleza polepole, kama anayemnywesha mtoto uji. Wizara na idara zake ni Serikali Kuu. Halmashauri na kijiji chetu ni serikali za mitaa. Halafu yapo mashirika na mamlaka za umma, kama zile za maji, yaliyoundwa kisheria kwa kazi maalumu. Hata kampuni binafsi ikikabidhiwa kazi ya umma, tuseme kuzoa taka za mji, sheria yaweza kuihesabu miongoni mwa vyombo vya umma, lakini kwa kazi hiyo tu.

"Klabu ni watu walioungana kucheza mpira," akamaliza. "Uwanja ni wa kijiji. Wakitaka njia ifungwe, walete hoja mkutanoni, tuijadili sote."

Akapiga simu. Baiskeli ililetwa kabla tone la kwanza halijaanguka, Kasmiri mwenyewe akiisukuma. "Shikamoo, mzee. Tairi la nyuma tumekujazia upepo."

Mwanangu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mamlaka haijioteshi kama magugu ya kwenye mpunga. Akikujia mtu na amri, msalimie kwa adabu, kisha umuulize bila kutetemeka: ni sheria gani iliyowaunda, imewapa kazi gani, na wakinionea nitalalamika wapi? Mwenye mamlaka ya kweli atakujibu. Naye ukishamjua, mtii. Asiye nayo ataanza kukohoa. Kuuliza si ujinga.

Mungu akujalie ghala lisilopwaya, ulimi wenye heshima, na shingo isiyoinama bure. Amina.