Ute wa Yai Usoni kwa Mama

Hadi leo siwezi kuvunja yai bila kumkumbuka mama. Wenzangu wakisikia harufu ya yai bichi wanawaza chapati. Mimi nawaza kazi yake. Ute wa yai ukipakwa usoni ukaachwa ukauke, ngozi hujivuta na kujikunja, na mwanamke wa miaka thelathini na kitu anageuka ajuza mbele ya macho yako. Nywele alizipaka jivu la maganda ya ndizi lililokorogwa na mafuta ya nazi. Alikuwa akijijaribu mbele ya kipande cha kioo kilichochomekwa kwenye udongo wa ukuta, nami nikichungulia mlangoni ananifukuza bila kufungua meno: "Zuhura, toka hapo, usinichekeshe. Uso utapasuka!"

Mama yangu alikuwa mwigizaji wa televisheni. Tafadhali msikimbilie kufikiria magauni na magari. Tuliishi mlimani juu ya Mkuyuni, tukilima migomba, na siku za kurekodi alishuka kwa gari la mkaa hadi Morogoro mjini, akarudi na vumbi lake. Hakuwahi kuwa bibi harusi wala mpenzi wa mtu kwenye tamthilia. Alikuwa mama mkwe, jirani mmbea, muuguzi mkali, na zaidi ya yote ajuza. Kwenye karatasi za mchezo hakuwa hata na jina, aliandikwa tu "Bibi Kizee."

Kazi hiyo aliipatia msibani. Kwetu Uluguru kila ukoo una watani wake. Mtu akifa, mtani anakuja, anajifunga nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa na kugombeza watu kama yeye, na wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mama alikuwa fundi wa jambo hilo kuliko wote. Basi siku moja mtayarishaji wa tamthilia alikuja kuzika huku kwetu, akamwona mama akimwiga marehemu mzee mmoja, mkongojo na kikohozi na kila kitu. Hakuondoka mpaka wamekubaliana.

Mambo yaliharibika nilipokuwa na miaka tisa, mama alipoigiza mchawi. Tulikwenda kumtazama kwenye banda la video pale Mkuyuni, marudio ya Jumapili mchana. Jamani, mama alitisha! Alimnong'onezea mtoto mchanga wa jirani, na kwenye mchezo yule mtoto akafa. Mtu mmoja nyuma yetu alipiga kelele, "Audhubillahi!" Mama aliketi kando yangu akimenya karanga, anajitazama kama fundi cherehani anayekagua pindo. Tulipotoka, watu walitupisha njia pana kuliko kawaida.

Siku ya gulio tuliteremsha mikungu yetu kama siku zote. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Bi Tatu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, ambaye soko zima lilimfuata. Ukoo wake na wetu ni watani. Aliinama, akachukua ndizi moja, akainusa kwa tundu moja la pua, kisha la pili, kisha akaisukuma kwa ncha ya kidole kama mtu aliyeshika kinyesi cha kuku. "Toa uchawi wako hapa," alisema. Nilingoja acheke. Hakucheka. Hata watani wana mahali wanapoishia, na mahali pale palikuwa uchawi.

Baada ya hapo hatukuuza hata kichane. Tulikula ndizi za kuchemsha, ndizi za kuchoma, uji wa ndizi, mpaka mbuzi wa jirani wakasusa maganda. Shuleni niliitwa mtoto wa mchawi. Mjomba Seif, kaka mkubwa wa mama, alipanda kwetu na mashavu yamemvimba kwa hasira. Kwetu ardhi ni ya ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo linaloamua nani analima wapi.

"Ukoo huu hauna mchawi," alisema, "sasa wewe unatutafutia. Chagua, Hadija. Televisheni au shamba."

Mama alimkaribisha uji kwanza. Kisha akasema, kwa adabu, bila kupandisha sauti: "Kaka, shamba ni la ukoo, sibishani nawe. Ila uso huu ni wangu."

Mjomba alimpa mpaka masika yaishe. Mama hakuacha kurekodi, wala hakuacha gulio. Kila siku ya soko alibeba mkungu mpya usionunuliwa, akatandika mkeka mkabala na Bi Tatu, akavuta khanga yake nyuma kabla ya kukaa, akaanza kumkodolea macho. Hakuwa akisema neno, lakini midomo yake ilichezacheza. Watu wakanong'ona kwamba anasoma dua mbaya. Na mimi, Mungu anisamehe, niliamini kwamba anamlaani. Nilimchukia Bi Tatu kwa moyo wangu wote, lakini nilimwogopa mama zaidi.

Kisha, kabla masika hayajaisha, Bi Tatu akaanguka bafuni akafa.

Siwezi kuwaeleza hofu niliyoipata. Nilijificha kwenye migomba. Niliposikia mama ananiita, sauti yake ya kawaida kabisa, nilijua moyoni kwamba mama ameua mtu. Siku ya tatu ya msiba, baada ya dua, alivaa khanga safi akanishika mkono. Mjomba Seif alikuwa amesimama katikati ya njia.

"Hadija, rudi. Watakupiga mawe. Na ukienda, shamba sahau."

"Marehemu ni mtani wangu, kaka. Nani atamwiga kama si mimi?"

Akampita. Mkono wa mama ulikuwa na jasho, na hapo ndipo nilipojua kwamba naye anaogopa. Tulipoingia uani kwa Bi Tatu wanawake walivuta watoto wao karibu. Mwanaume mmoja akasema, "Huyu asiingie." Mama alikwenda moja kwa moja kwa Mwanaidi, binti mkubwa wa marehemu aliyekuwa akimsaidia gulioni, akapiga goti, akamwomba khanga ya mama yake. Mwanaidi alimtazama, macho yamevimba. Kisha akaingia ndani akaileta.

Mama akajifunga ile khanga. Akasimama kidogo, akavuta pumzi. Na ghafla, ndugu zangu, akanenepa. Sijui alifanyaje; hakukuwa na yai wala jivu. Alitembea uani kwa ule mwendo wa Bi Tatu wa kusukuma hewa kwa kifua, akakagua waombolezaji kana kwamba ni mafungu ya nyanya, akasonya, akafika kwenye ndizi zilizoletwa msibani. Akachukua moja. Akainusa, pua hii, kisha hii. Akaisukuma kwa ncha ya kidole.

"Toa uchawi wako hapa, Hadija!"

Ilikuwa sauti ya Bi Tatu mwenyewe. Watu wakamgeukia Mwanaidi. Kisha Mwanaidi akacheka kicheko kilichogeuka kilio, akajipiga mapaja: "Mama yangu huyo! Jamani, mama yangu huyo!" Ua zima likalipuka. Wanawake waliangukiana mabegani. Mama alipomaliza alifungua khanga ile, akaikunja vizuri, akasema kwa sauti yake: "Hapa nikimwiga maiti mnacheka. Kule nikimwiga mchawi mnanikimbia. Kazi ni ile ile, jamani."

Gulio lililofuata Mjomba Seif alibeba mkungu wetu kichwani mwenyewe mpaka mkekani. Habari ya shamba hakuitaja tena.

Mama aliigiza miaka mingi baada ya hapo, akawa ajuza wa kweli asiyehitaji yai. Watu walimsimamisha stendi ya Morogoro, "Wewe si yule bibi...", wasimjue jina. Hakujali hata kidogo. Alikufa mwaka juzi. Siku ya tatu Mwanaidi alikuja, sasa naye ana mvi, akaniomba khanga ya mama. Nilidhani atamwiga mchawi, kwa kuwa ndiye aliyejulikana na wote.

Hakumwiga mchawi. Alitandika mkeka, akavuta khanga nyuma kabla ya kukaa, akapanga ndizi zisizokuwepo, akakodolea macho mahali patupu mkabala naye. Midomo yake ikaanza kuchezacheza, polepole, na safari hii nilikuwa karibu kiasi cha kuisoma. Alikuwa akirudia maneno ya mnunuzi mmoja mnene wa gulioni, neno kwa neno, kama mwanafunzi anayekariri somo. Miezi ile yote mama hakuwa akimlaani Bi Tatu. Alikuwa akimweka akiba, mwanamke yule yule aliyetunyima riziki, kisipotee hata kikohozi chake, ili siku watoto wake watakapomhitaji apatikane.

Nilisikia mtu anapiga kelele uani, "Mama yangu huyo!" Ilinichukua muda kujua kwamba ni mimi.