Kivuli Aliyebaki Nyumbani

Kwa miaka mingi nimeongoza kituo cha watu wanaoacha pombe, nyuma kidogo ya maduka ya Adams Arcade, Nairobi. Masomo yangu yaliishia kidato cha nne; mengine nilifundishwa na chupa za marehemu mume wangu. Silaha yangu ilikuwa mzaha. Mtu akifika anatetemeka, namwambia, "Karibu baba, hapa hata chai tunainusa kwanza." Wakicheka, nilidhani wanapona.

Sheria moja niliitunga mwenyewe na kujivunia kama vile nimevumbua maji: hakuna anayekwenda sherehe peke yake. Anapewa kivuli, mtu wa kituo wa kuketi ubavuni mwake na kuonja kila kikombe kabla yake.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa na miezi minane bila tone. Binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Kwao, binti humpa baba pembe ya muratina, ile pombe ya asali, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Baba akinywa, ameikubali ndoa. Akikataa, amemkataa mkwe, na wageni hao hurudi kwao.

"Madam, nitafanyaje?" aliniuliza.

Nikapanga. Kivuli wake ningekuwa mimi. Ningebeba chupa ya maji ya asali, rangi ileile ya muratina, na binti angejaza pembe kutoka hapo. Mwalimu alinishika mkono akashindwa kuuachia.

Jumamosi ikaamka na mvua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivaa ndara zangu za soko la Ngara, hata serikali hainitoi. Chupa ya asali ilikuwa tayari mezani. Nikaitazama, nikatazama dirisha, nikaweka chai jikoni. Saa tano mwalimu akapiga simu.

"Madam, umefika wapi?"

"Mvua imenifunga. Lakini mwalimu, umenyoosha madarasa mangapi? Leo utashindwa na pembe ya ng'ombe? Lowesha midomo tu, kama kuku."

Akacheka. Alicheka kwa heshima, kama mwanafunzi anayecheka mzaha wa mwalimu mkuu. Nami nikarudi kwa chai yangu, nimeridhika na ulimi wangu.

Jumatatu binti akaja ofisini, bado ana hina mikononi. Hakuketi.

"Wewe ndiye kivuli?"

"Ndiyo mimi, mama. Keti basi."

"Ulipokosa kuja nikajaza pembe soda, wazee wakasema ni matusi. Nikamwangalia baba, akaniambia, nipe tu, Madam amesema niloweshe midomo." Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, kama amebeba kitu. "Nilimpa hivi. Mimi mwenyewe. Jioni tulimtoa kwenye mtaro, na mkwe wake ndiye aliyemshika miguu."

Nami nikasimama.

"Mlete," nikasema. "Tutaanza upya."

"Amekataa. Anasema hapa ni mahali pa vichekesho."

Nilikwenda kwake mara mbili, hakunifungulia. Mara ya tatu sikuhitaji kubisha mlango. Nilimkuta mchana Dagoretti Corner, ameketi kwenye kreti nyuma ya vibanda vya pombe, koti la harusi limechanika begani. Nilitaka kupita. Akaniona.

"Kivuli wangu!" akaita, na wenzake wakageuka. "Jamani, huyu ndiye kivuli wangu! Jua limetoka, naye ametoka!"

Wakacheka wote. Ulikuwa mzaha mzuri. Ningekuwa nimeutunga mimi, ningeurudia wiki nzima.

"Mwalimu, twende," nikasema.

Akasogea, akanipangusia nafasi kwenye kreti kwa mkono wa koti, kisha akaninyooshea kikombe chake cha plastiki.

"Sheria ni sheria, Madam. Onja kwanza."