Kombora Kando ya Kigae cha Jikke Maljaars

Tarehe 6 Novemba 1948, Jikke Maljaars, mjane wa miaka arobaini na moja, alikabidhiwa ufunguo wa nyumba mpya ya matofali huko Walcheren, pwani iliyo chini ya usawa wa bahari. Kabla ya hapo yeye na binti zake wawili waliishi miaka mitatu katika kibanda cha mbao, kwa kuwa vita vilibomoa ukingo wa bahari na maji ya chumvi yakala nyumba ya zamani.

Aprili iliyofuata, siku ya Ijumaa, shemeji yake Marinus, fundi mwashi, alikuja kubandika kigae cha ukumbusho kando ya mlango. Kila nyumba iliyojengwa upya ilipewa kimoja: simba wa buluu akiibuka majini, na mwaka chini yake. Kesho yake meya angekifunua.

Marinus alishika mtaimbo. "Kwanza shimo la mlingoti. Kigae bila bendera ni arusi bila bibi."

"Iweke upande ule," Jikke alisema.

"Upande ule kuna choo, shemeji. Meya akipigie choo saluti?"

Akauelekeza mtaimbo kwenye maua yaliyopandwa kando ya mlango. Chini ya maua yale Jikke alikuwa amefukia kombora, alilolikuta kwenye matope wiki moja kabla msingi haujachimbwa. Aliyeripoti alisimamishiwa ujenzi, na zamu yake akapewa mwingine. Kwa hiyo hakuripoti. Tangu siku ile, mlango ukibamizwa, alishika ukuta.

"Marinus, usipige!"

"Kwani umezika dhahabu?"

"Kombora."

Marinus alicheka. Kisha akamtazama usoni, akaulaza mtaimbo chini taratibu.

"Kubwa?"

"Kama ndoo ya maziwa."

"Na wanao wanacheza hapa! Ee Jikke, hata mbuzi angeripoti."

"Mbuzi hana zamu ya nyumba."

Marinus alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. "Askari wakishindwa kulitoa watalilipua papo hapo. Nyumba haitabaki."

"Najua. Unadhani nilinyamaza kwa nini?"

Aliwaita binti zake watokee mlango wa nyuma, akawashika mikono, wakaenda wote kwa meya.

Meya akasema askari wa kutegua mabomu watafika Jumatatu saa mbili asubuhi. Nyumba sita zitahamwa. Vyombo vya Jikke vitatolewa kesho, Jumamosi, mchana kutwa, maana Jumapili, siku ya ibada, hakuna mtu kijijini atakayebeba hata kiti.