Barua Mbili za Ijumaa

Providence ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mimi nachapa barua na kutoa fotokopi, yeye anatengeneza tovuti, na umeme ukikatika sote tunakaa barazani kuwasema watu. Nampenda. Lakini mwezi wa tano nilimkasirikia mpaka chakula kikanishinda.

Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliotoka Burundi na baadaye wakapewa uraia. Baba yake, mzee Pontien, alimlea kwenye ikibiri, yaani kulima kwa zamu: leo majembe yote shambani kwangu, kesho yote kwako. Anayeitwa asiende, kwao huyo si mtu. Providence alipoanza kuwatengenezea tovuti watu wa Mpanda, kwaya, mashine za kukoboa, nyumba za wageni, akazilima hivyo hivyo. Kila tovuti ilimsifu mwenzake na kuweka kiungo cha kumpeleka msomaji huko. Zamu ilipofika kwa mama Rozalia, mjane wa Ilembo anayeuza asali, tovuti thelathini na nane zikamwelekea kwa siku moja, zote kwa maneno yale yale: asali bora Katavi.

Sasa Google huhesabu viungo kama kura. Mwenye kura nyingi hupanda juu. Kura za kupangwa huziita udanganyifu, wala hawajui habari za majembe ya Katumba. Mwezi wa tatu adhabu ikashuka. Ukitafuta asali ya Katavi, Rozalia hayupo hata ukurasa wa kumi. Wateja wa Dar na Mwanza waliokuwa wakimpata kwa njia hiyo wakapotea, na madumu ya asali yakajaa hadi chumba cha kulala.

Providence alilijua kosa siku hiyo hiyo, maana taarifa ya adhabu ilitaja viungo. Lakini Rozalia alipomuuliza, akajibu kwamba kuna mtu mwenye nia mbaya kaichezea tovuti. Maneno hayo hayo akayaandika kwenye barua ya kuomba adhabu iondolewe. Kisha akaanza kupita kwa wenye tovuti kuomba viungo vitolewe, na hapo akakiona cha moto. Mwalimu wa kwaya ya Nsemulwa alimuuliza Providence, huyo Rozalia amewakosea nini mpaka wamnyang'anye msaada. Providence akavitoa vyote, kimoja kimoja, kama anayeng'oa mahindi ya jirani.

Ombi likakataliwa. Walitaka aeleze nani aliweka viungo vile, na kwa nini.

Alinieleza yote hayo Jumatano. Nikamwambia aandike ukweli, basi. Akasema ukweli ukiandikwa Rozalia ataujua, kwa sababu tovuti ni yake, majibu ya Google yanaingia kwenye simu yake, naye huwapa watu wamsomee. Nikamwacha na ukimya wake. Hilo ndilo kosa langu mimi.

Ijumaa asubuhi Rozalia akaingia dukani kwangu na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Alitaka nimchapie barua ya kusomwa kesho yake kwenye jumuiya ya kanisa. Nikaanza kuchapa, na mstari wa tatu vidole vikagoma. Barua ilimshtaki Evarist, mdogo wa marehemu mume wake, ambaye naye anauza asali, kwamba ndiye aliyeiharibu tovuti. Alikwisha kumwambia usoni, mbele ya watoto wa Evarist. Sasa alitaka jumuiya imtenge.

Nikamuuliza amejuaje.

"Providence alisema ni mtu mwenye nia mbaya," akanijibu. "Mimi nina mshindani gani mwingine?"

Mwongo hupanda mbegu, lakini hachagui itaota kwa nani. Hasira ilinipanda. Ningeweza kumwambia mwenyewe, na kwa kweli mdomo ulikuwa wazi tayari. Badala yake niligonga ukuta kwa ngumi mara tatu, ishara yetu ya kuitana chai. Providence akaja na kikombe mkononi. Nikamgeuzia kioo cha kompyuta asome.

Alisoma taratibu. Nilimwona akilitafuta jina la Evarist mara ya pili, kama vile lingeweza kuondoka. Hakuniangalia. Akaweka kikombe chini, akatoka, nikadhani amekimbia, na Mungu anisamehe, nilimtukana kimoyomoyo. Akarudi na kompyuta yake. Alikuwa ameshaandika barua ya pili kwa Google tangu usiku wa Jumatano, ila hakuwa ameituma. Akamsomea Rozalia, akiifasiri kwa Kiswahili neno kwa neno.

"Viungo vyote thelathini na nane niliweka mimi. Mwenye tovuti hakujua. Hakuna mtu mwingine."

Rozalia alimwomba arudie mwisho. Akarudia.

Mama yule aliichukua karatasi yake, akaikunja mara nne, akaitia kwenye sidiria. Akamwambia Providence atume hiyo yake sasa hivi, mbele yake. Ilipokwenda, akasema:

"Kesho hatwendi jumuiya. Tunakwenda kwa shemeji, mimi na wewe. Utasema kama ulivyosema hapa."

Walikwenda na ndoo ya asali. Evarist aliwasikiliza wamesimama uani, hakuwapa kiti. Alipomaliza kusikiliza akaingia ndani, mkewe akafunga mlango, ndoo ikabaki nje.

Siku ya kumi na tatu Google walijibu kwamba maelezo yamepokelewa na adhabu imeondolewa. Rozalia anapanda tena pole pole, juzi nilimwona ukurasa wa pili. Na kila Jumamosi yeye na Providence wanapita hapa dukani kwenda kwa Evarist. Ndoo haijaingizwa ndani bado.