Komba Asiye na Mkia

Mume wangu alikuwa baharia. Miaka michache kabla ya uhuru, tukiwa na miezi mitatu tu ya ndoa, alirudi Likoni na kikapu kilichofungwa kamba. "Nimekuletea komba wa Seloni," akasema. "Mtunze mpaka nirudi." Siku ya nne akapanda meli tena. Nikabaki na mavyaa, mamake, katika mtaa ambao hakuna aliyenijua, maana kwetu ni Vanga.

Mnyama mwenyewe alikuwa mdogo, mikono na miguu kama vijiti, macho ya mviringo yamemjaa uso. Mchana kutwa alijikunja akalala. Nilimpa ndizi, hakugusa. Siku ya tatu tangu meli kuondoka nikaingiwa na hofu. Huyu alikuwa amana, na kumwambia mwenyewe kwamba amana yake imekufa mkononi mwangu nisingeweza.

Pwani nzima inajua komba hupenda tembo. Wagema huwaokota chini ya minazi wamelewa chakari. Basi nikavaa buibui langu, nikaenda kwa mgema na kikombe cha bati. Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imeshanitangulia.

"Mke wa mwanangu yuwanunua tembo! Wallahi, watu watasemaje?"

"Si langu, mama. Ni la komba."

"Hata komba wenyewe hawaendi kununua!"

Na mnyama alinusa kile kikombe, akapiga chafya, akanipa mgongo.

Ndipo mavyaa akamwita mwalimu wa skuli ya jirani, mtu wa vitabu. Alimchunguza mnyama mgongoni na miguuni. "Huyu si komba, binti yangu. Komba ana mkia, na miguu mirefu ya kurukia. Huyu hana mkia wala haruki. Hushika tawi, akaachia, akashika jingine, polepole. Huitwa lorisi. Jamaa zake wako kisiwa cha Seloni na Bara Hindi. Komba ni binamu wa mbali tu. Mpe wadudu." Akanionyesha kidole cha pili cha mguu, chenye ukucha mrefu wa kujikunia, ilhali kucha nyingine zote ni bapa kama zetu.

Tangu siku hiyo, kila alasiri niliinama nyuma ya nyumba nikikamata panzi. Wanawake wa mtaa walinicheka, nami niliwachukia kimya kimya. Giza likiingia, komba walilia minazini. Yeye aliinua kichwa, akasikiliza, asijibu. Nilimwonea huruma, na kusema kweli nilijihurumia mwenyewe. Sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye, basi nikamsimulia habari za Vanga.

Barua haikuja hata moja. Mara mbili mnyama aliugua, mara mbili nikalia juu ya kikapu, nikimwomba asife kabla mwenyewe hajarudi.

Mume wangu alirudi baada ya miezi kumi na moja. Nilimtolea kikapu kwa fahari, kabla hata ya maji ya kunywa. Akachungulia, akacheka.

"Ala! Huyu bado yuko? Nilidhani mlishamtupa zamani."

Kisha akamgeukia mamake, akaanza kumweleza habari za Bombei.

Nilirudi jikoni kuwachemshia chai. Kikapu nikakiweka mbali kidogo na meko. Mnyama akanyoosha mkono, taratibu, akanishika kidole. Nikakaa vivyo hivyo, mpaka maji yakakauka sufuriani.