Kiti cha Mama Remi

Kwetu Kirua Vunjo kila nyumba ina kiti cha wageni, lakini cha Mektrida, mama yake Remigius, hakikuwa na mwenzake kijijini. Kilitosha watu wawili wanene. Mbao zake nyekundu, ngozi yake ya kijani ambayo haikuwahi kuchanika, na pa kuwekea mikono palikuwa pa shaba iliyochongwa mfano wa jani. Shaba hiyo wengi hawakuiona, maana Mektrida aliifunika kwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe na kuvipiga pasi kila Jumamosi. Baba paroko alipokuja kumpaka mafuta matakatifu Filbert, marehemu mumewe, alikaa hapo. Wakwe walipokuja kumposa binti yake, walikaa hapo. Mtu akikisifu, Mektrida anasema tu, "Filbert alipewa kazini," kisha huyo jikoni kuangalia mtori wake wa ndizi.

Filbert alikuwa seremala wa mabehewa kwenye karakana ya reli.

Mwaka jana akina mama wa jumuiya yetu ya kanisa tulishuka Moshi kutazama mabehewa ya zamani yaliyohifadhiwa karibu na stesheni. Msichana aliyetutembeza, Brenda, mzaliwa wa Kigoma, alikuwa na adabu. Alitupa shikamoo mmoja mmoja. Alianza na behewa la daraja la tatu lenye mabenchi ya mbao tupu. Tukacheka, maana hilo tulilijua, tulilipanda utotoni pamoja na kuku. Halafu akatupandisha la daraja la kwanza.

Kila chumba kilikuwa na viti viwili vinavyotazamana. Mbao nyekundu, ngozi ya kijani, shaba mfano wa jani. Chumba cha mwisho kiti kilikuwa kimoja, na upande wa pili sakafu ilibaki na matundu ya skrubu.

"Pacha wake alipotea zamani," Brenda alisema. "Tumemtafuta kila mahali."

Hilda, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akapiga kofi. "Mama Remi! Huyo pacha si yuko kwako? Kumbe siku zote tunakunywa chai daraja la kwanza bila tiketi!"

Tukaangua kicheko. Halafu tukamtazama Mektrida, kicheko kikakatika. Alikuwa anaipapasa ile shaba polepole, kama mtu aliyeitwa kutambua maiti. Brenda alidhani ni utani wa akina mama, akaendelea na maelezo yake.

Tangu siku hiyo Mektrida hakuonekana jumuiya. Misani alikaa benchi la nyuma kabisa na kutoka kabla ya matangazo. Nikaenda kwake. Kiti nilikikuta bandani, kimeegemea nguzo, ng'ombe anakinusa.

"Mama Remi, ndiyo kazi gani hii?"

"Sitaki kukiona, Dominika. Remigius kapiga simu kutoka Dar, anasema nikipasue kuni. Nikamuuliza, na mtori utakaoivia kuni hizo ataula nani?"

"Lakini Filbert alisema alipewa."

"Alisema." Akamsukuma ng'ombe pembeni. "Kilikuja kwenye gari la mchanga, kimefunikwa majani ya migomba juu mpaka chini. Kitu cha kupewa kinafunikwa hivyo? Niliona, Dominika. Sikuuliza. Nikaenda kununua uzi, nikaanza kufuma." Akaziba mdomo kwa kanga. "Na baba paroko nikamkalisha hapo, na Ekaristi Takatifu mikononi mwake! Sasa nikikirudisha, nimemvua Filbert nguo kaburini. Nikikaa nacho, nafunika tena."

Tulisali rozari, nikarudi nyumbani.

Wiki iliyofuata alinijia asubuhi ameshika isale, lile jani refu tunalopanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba. Kwetu ukimkosea mtu unampelekea isale, na aliyeletewa hana budi kusamehe.

"Isale hupelekewa mtu," nikamwambia. "Reli utampa nani?"

"Nitampa yule msichana. Ndiye aliyekuwa anatafuta."

Sirili, jirani yetu mwenye pikapu ya kupelekea ndizi sokoni, alikubali kukibeba. Wingu lilikuwa limetanda, akaanza kukata majani ya migomba ili kisilowe. Mektrida akamshika mkono. "Acha. Kilikuja kimefunikwa, kitarudi wazi." Akavivua na vile vitambaa vyeupe, akavitupia begani. Na kweli kila aliyekuwa barabarani alikiona, na Mektrida kando yake, ameinamisha kichwa.

Brenda alipokiona alipiga vigelegele. "Mama, Mungu akubariki! Tutaweka kibao kizuri: Zawadi ya familia ya marehemu Filbert." Isale akaipokea kwa furaha, akaichomeka kwenye chupa ya maji dirishani kama ua.

Mektrida akabaki amesimama, mikono inaning'inia. Alikuwa anangoja neno, na neno halikuja. Sirili akaninong'oneza, "Yamekwisha vizuri. Twendeni." Ilikuwa hivyo kweli, angenyamaza tu, jina la Filbert lingewekwa pale kwa heshima.

"Mwanangu," Mektrida akasema kwa sauti ya chini, "usiandike zawadi. Andika kimerudishwa."

Brenda akanitazama mimi. Nikamweleza jani lile ni nini. Akaangalia matundu ya sakafuni, kisha chupa. Akaichomoa isale, akaifuta maji kwa sketi yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Mama, mimi ni mtoto tu kwako. Siwezi kusamehe kwa niaba ya reli. Lakini nimepokea."

Mafundi wakakifunga kiti mahali pake. Kabla ya kuzungushia kamba ya kuzuia watu, Brenda akambembeleza, "Kaa kidogo, mama, mara ya mwisho."

Mektrida alikuwa anavikunja vile vitambaa vyeupe, anavitia mkobani.

"Nimeshakikalia vya kutosha," akasema, akashuka kwenye behewa bila kumtazama hata mmoja wetu.