Ripoti Niliyoandika Kumhusu Mama Moraa

Uchungu huu nilijipikia mwenyewe. Nilijisomesha hadi diploma, nikafanya kazi Qatar miaka sita. Kwa hiyo meneja wa kiwanda cha chai hapa Nyamira aliponiambia, "Utatembea na Mama Moraa miezi mitatu, kisha tutaamua kuhusu kukuajiri," sikuuliza nani angemfundisha mwenzake. Mama Moraa hukagua majani ya wakulima akiwa amevaa gambuti. Jibu nililiona wazi.

Kila aliponyanyua jani anionyeshe kasoro, nilimkatiza. "Mama, Qatar hatukufanya kazi hivyo."

"Tata, mwanangu, kumbe huko nako mlichuma chai?"

Wakulima walicheka. Nilimsamehe, maana hakusoma.

Siku ya mwisho nilimpelekea meneja ripoti niliyoichapa vizuri: Mama Moraa anajitahidi, ila ni mzito wa kujifunza. Meneja aliisoma mara mbili, akamwita, akampa naye asome. Alisoma taratibu hadi mwisho.

"Wewe ndiwe mwalimu wake," meneja alimwambia. "Tumwajiri?"

Mama Moraa alinitazama bila hasira. "Bado, bwana meneja. Hata kulitambua jani bovu hajui."